Kabla hujanunua kadi ya grafiki, soma lebo ya powa saplai

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Pangani alinitumia ujumbe akiniuliza swali ambalo mimi mwenyewe niliwahi kuliuliza, nikajibiwa vibaya, na jibu hilo likanigharimu. Ana shilingi 1,300,000 na anataka kujiundia kompyuta ya kuchezea gemu kwa mara ya kwanza. Kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, ameshaichagua, prosesa, yaani ubongo wa mashine, ameshaichagua, hata kasha la kioo lenye feni za taa ameshalichagua. Mwisho wa ujumbe akaandika hivi: "Kaka, powa saplai nitachukua yoyote kwa chenji itakayobaki." Powa saplai ni kile kifaa kinachochukua umeme wa ukutani na kuvilisha vifaa vyote vya ndani, na neno hilo "yoyote" lilinirudisha mahali ambapo nilidhani nimeshapasahau.

Nilikulia Ngamiani, Tanga, na kama watoto wengi wa mtaa ule nililipia utoto wangu kwa sarafu katika kibanda cha gemu, nikisubiri zamu huku wakubwa wakituonea. Kwa hiyo nilipoanza kupata mshahara, ndoto yangu haikuwa pikipiki wala kiwanja. Nilitaka mashine yangu, katika chumba changu, ambayo hakuna mtu angeniambia muda umekwisha. Ninyi mnaosoma hapa mnanielewa, sina haja ya kujitetea.

Mwishoni mwa mwaka 2022 zamu yangu ya kupokea mchezo ilifika kazini, na msinicheke, fedha za mchezo zikaenda kwenye michezo. Nilipanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam, safari ya kilomita 350 hivi, na kufika Kariakoo nikiwa na orodha niliyoisomewa kwa simu na rafiki yangu, ambaye nilikuja kugundua baadaye kwamba yeye mwenyewe hajawahi kumiliki kompyuta ya aina hiyo. Ulikuwa wakati mzuri wa kununua kadi iliyotumika, kwa sababu mtandao wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum ulikuwa umeacha kutegemea uchimbaji, yaani kadi za grafiki kukokotoa hesabu ili kupata sarafu, mwezi Septemba mwaka huohuo, na wachimbaji wa sarafu duniani kote walikuwa wakiuza kadi zao. Nilipata kadi ya Radeon RX 6600 kwa shilingi 580,000. Nilinunua prosesa ya Ryzen 5 5600, mazabodi (ubao unaounganisha vifaa vyote), ramu (kumbukumbu ya muda), SSD (ya kuhifadhia mafaili), na kasha la kioo lenye feni tatu zinazobadilisha rangi, ambalo lilinigharimu shilingi 150,000. Nilipohesabu kilichobaki mfukoni na kutoa nauli ya kurudia, nikaona nina shilingi 40,000 za powa saplai. Muuzaji akanipa moja ambayo boksi lake lilikuwa na maandishi ya wati 500, makubwa kuliko jina la kampuni iliyoitengeneza.

Tazameni hesabu hiyo tena. Kasha, ambalo kazi yake ni kukaa tu, lilinigharimu karibu mara nne ya kifaa kinacholisha umeme kila kitu kilichomo ndani yake. Wazee walisema nyumba njema si mlango, nami nilikuwa nimenunua mlango.

Kazi ya kuunganisha sitaieleza kwa urefu, kwa kuwa inachosha kusimuliwa kuliko kufanywa. Nitakiri kosa moja tu. Baada ya kumaliza niliwasha, feni zikazunguka, taa zikawaka, lakini monita ikabaki nyeusi, nami nikakaa sakafuni kwa saa nzima nikijua nimeua kila kitu. Kumbe nilikuwa nimechomeka waya wa monita kwenye mazabodi badala ya kwenye kadi, na Ryzen 5 5600 haina grafiki yake yenyewe, hivyo hapakuwa na picha ya kutoka pale. Nilipohamisha waya, picha ikatokea. Nilipiga kelele hadi mama akaja kuangalia. Alilitazama lile kasha jeusi kwa muda, akasema linafanana na jeneza, na tangu siku hiyo akaliita jeneza.

Kwa siku nane nilikuwa mtu mwenye furaha. Gemu nyepesi zilikwenda bila shida, lakini kila nilipofungua gemu nzito, baada ya dakika kumi au kumi na tano mashine ilizimika ghafla, kama mtu aliyekatiwa kauli. Nikalaumu joto, nikapaka upya pesti ya kupitisha joto la prosesa. Nikalaumu ramu, nikazitoa na kuzirudisha. Nikalaumu Windows, nikaifuta na kuipakia upya usiku kucha. Yule rafiki wa simu akaniambia niongeze feni, nikaongeza feni, yaani nikauongezea mzigo ule ule uliokuwa unaiua mashine.

Jioni moja umeme ulikatika na kurudi, ukakatika na kurudi tena, yote ndani ya dakika moja, mambo ambayo mtu wa Tanga hashangai. Mara ya pili nilisikia mlio mmoja mkali kutoka ndani ya kasha, kisha harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumbani. Mama akauliza kutoka jikoni, "Hilo jeneza lako limeua nini?"

Nilipeleka vifaa kwa mjomba, ambaye ni fundi wa redio Makorora na hajawahi kucheza gemu hata moja maishani mwake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza kama nimemletea maiti. Aliichukua powa saplai kwa mkono mmoja, akaipandisha na kuishusha kama mtu anayekisia uzito wa samaki sokoni, akasema, "Nyepesi sana hii." Kisha akanipa miwani yake na kuniambia nimsomee lebo.

"Wati 500, mjomba."

"Hiyo ni ya kumfurahisha mteja. Nisomee mstari wa volti 12."

"Ampea 16."

"Zidisha."

Nilizidisha. Volti 12 mara ampea 16 ni wati 192.

"Na hivyo vitu vyako vinakula kiasi gani?"

Hilo nilikuwa nalijua, kwa sababu nilikuwa nimezikariri sifa za kadi yangu kama mashairi. RX 6600 imekadiriwa wati 132. Prosesa imekadiriwa wati 65 na ikibanwa na kazi hupita hapo. Hizo mbili peke yake ni wati 197, kabla hujahesabu mazabodi, SSD na zile feni nilizoongeza kwa ushauri wa rafiki yangu.

"Basi mwanangu," alisema mjomba, "ulimbebesha punda mzigo wa lori, kisha ukamshangaa anapokaa chini."

Somo la siku ile nimelibeba hadi leo, na ndilo hasa ninalotaka mlielewe. Powa saplai hutoa umeme wa volti tofauti: 3.3, 5 na 12. Kompyuta za zamani zilitumia sana zile volti ndogo, lakini katika mashine ya leo prosesa na kadi ya grafiki huchukua karibu umeme wao wote kutoka kwenye volti 12. Watengenezaji wa vifaa hafifu hujumlisha mistari yote, na wengine hujumlisha hata kisichokuwepo, wakapata namba nene ya kuandika kwenye boksi. Mstari wa volti 12 ndio unaosema ukweli, na unahitaji kujua kuzidisha tu. Zaidi ya hayo, kadi ya grafiki hailambi umeme kwa utulivu. Huvuta kwa mikupuo mifupi inayopita kipimo chake, kwa hiyo hata powa saplai yenye nguvu inayolingana kabisa na mahitaji yako inakuwa imebanwa.

Mazabodi na SSD zilikufa. Kadi na prosesa zilipona, na nilimshukuru Mungu. Nilipompigia muuzaji simu aliniambia kwamba nilichomeka vibaya na kwamba kitu kikishatoka dukani kimetoka. Nilimweleza hesabu ya ampea, akakata simu. Sitamtaja, lakini sijasahau, na kila nikipita Kariakoo hugeuza uso nikifika karibu na duka lile, kana kwamba mimi ndiye niliyemkosea.

Nilikaa miezi sita bila mashine. Katika miezi hiyo watu walinishauri niiuze kadi, na rafiki wa simu alikuwa wa kwanza kutaka kuinunua, kwa nusu ya bei. Sikuiuza. Zamu ya mchezo ilipozunguka tena, nilianza na powa saplai kabla ya kugusa kitu kingine: wati 550, na kwenye mstari wa volti 12 imeandikwa ampea 45, ambazo ni wati 540. Nililipa shilingi 190,000, na mama akauliza kama ni ya dhahabu. Ina alama ya 80 Plus Bronze. Alama ya 80 Plus, hata ile ya daraja la chini kabisa, ina maana kwamba kifaa kilipopimwa angalau asilimia 80 ya umeme kinaouvuta ukutani kiliufikisha kwenye kompyuta, kikiwa na mzigo wa asilimia 20, 50 na 100. Alama hiyo hupima ufanisi, haihakikishi uimara, lakini angalau kuna mtu aliyekipima.

Pamoja nayo nilichukua UPS ndogo, yaani kifaa chenye betri kinachoishikilia mashine umeme ukikatika. Hapo pia soma lebo: yangu imeandikwa VA 650, lakini wati zake ni 360 tu, na wati ndizo za kuhesabu. Hainipi muda wa kucheza umeme ukikatika, hunipa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa heshima, na huikinga mashine na ule mchezo wa kukatika na kurudi ambao ndio ulioimaliza ya kwanza. Tangu hapo mashine haijazimika yenyewe hata mara moja. Mwezi uliopita nilimuundia mpwa wangu ya kwake kwa utaratibu uleule, ikawaka kwa mara ya kwanza tulipobonyeza, na nakiri kwamba nilijisikia kama fundi mkuu wa meli.

Ndugu zangu, tatizo letu si umaskini pekee. Tunapenda kile kitakachoonekana kwenye picha. Hakuna anayepiga picha powa saplai, kwa sababu imefichwa chini ya kasha, kwa hiyo tunaipa makombo, kisha tunakaa tukilalamika kwamba vifaa vya siku hizi havidumu. Nimesikia watu wakilinganisha kadi kwa tofauti ya fremu (picha) tano kwa sekunde hadi wakakosana, na ukiwauliza mashine yao inalishwa na nini, wanakwenda kuinama chini ya meza kutazama. Mimi nilikuwa hivyohivyo, kwa hiyo nina haki ya kusema.

Mambo mengine nitayapitia upesi. Prosesa ya familia ya AM4, yaani aina ya soketi inamokaa, hutumia ramu za DDR4 na ile ya AM5 hutumia DDR5, na ramu hizo haziingiliani hata ukilazimisha. Nunua ramu mbili za GB 8 badala ya moja ya GB 16, na kama mazabodi ina matundu manne, zichomeke katika tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka upande wa prosesa. Ukinunua mazabodi ya B450 iliyokaa dukani muda mrefu, muulize muuzaji kama BIOS yake, ile programu ya kuiwashia mashine, imesasishwa kupokea Ryzen za mfululizo wa 5000, la sivyo utakaa sakafuni kama nilivyokaa mimi. Kadi iliyotumika si haramu, hata kama ilichimba sarafu, lakini ione ikifanya kazi kwa gemu nzito kabla hujatoa fedha, na sikiliza feni zake. Kwa sisi wa pwani, usiiweke mashine mbele ya dirisha linaloelekea baharini. Siku hizi nakaa karibu na Raskazone, na nimeona skrubu za kasha zikishika kutu ndani ya mwaka mmoja. Na narudia, soma ampea za volti 12.

Sasa nirudi kwa kijana wa Pangani. Kwa shilingi 1,300,000 nimemshauri aachane na kasha la kioo na kwa sasa aiache pia kadi ya grafiki, jambo ambalo najua limemuuma. Achukue Ryzen 5 5600G, ambayo ina grafiki yake ndani na inaendesha gemu nyepesi bila kadi yoyote, mazabodi ya B550, ramu mbili, SSD, na powa saplai ya kueleweka inayoweza kuibeba kadi ile siku atakapoipata. Ni kweli kwamba 5600G hutumia PCIe, njia ya kuunganishia kadi, ya kizazi cha tatu na kwa hiyo kadi kama RX 6600 itapoteza kidogo ya kasi yake, lakini hicho kidogo hakitamchomea nyumba.

Amenijibu jana kwamba amepata powa saplai ya wati 600 kwa shilingi 55,000 tu, na akanitumia picha ya boksi. Nimemwambia boksi silihitaji. Ageuze kifaa chenyewe, apige picha ya lebo, anitumie kabla hajalipa. Bado nasubiri.