Matza ya darasani: dakika ngapi?
Matza, mkate usiochachuka wa Pasaka ya Kiyahudi, iwe imeokwa ndani ya dakika 18, si 20, na saa inaanza pale maji yanapogusa unga, si watoto wanapoanza kusukuma. Kipimo hicho kimo kwenye Shulchan Aruch, kitabu cha sheria za Kiyahudi: muda wa kutembea mili moja (kipimo cha kale cha umbali). Ni unga na maji yaliyolala usiku kucha tu, chumvi hapana. Toboeni chapati yote kwa uma kabla haijaingia tanurini, la sivyo mvuke huivimbisha katikati. Ikijikunja, pale kwenye mkunjo haiivi, kwa hiyo sehemu hiyo hailiwi. Ila hiyo ya shuleni iwe ya kujifunzia. Matza ya usiku wa Seder, yaani karamu ya Pasaka, hutaka ngano iliyolindwa isiguswe na maji tangu kuvunwa, au angalau tangu kusagwa.