Namba ni ya mgonjwa: kwa mnaoanza kliniki ya viungo

Juzi nimepitia mafaili ya kliniki yetu ya viungo hapa Tanga ya mwezi huu, moja baada ya jingine, nikaona kitu ambacho kila kundi jipya la madaktari hutuletea. Maumivu, kuanzia sifuri mpaka kumi: 5. Uchovu: 5. Hali kwa ujumla: 5. Mgonjwa anayefuata, vilevile. Anayefuata tena, vilevile, kwa kalamu ileile na mwandiko uleule uliolalia kulia. Jamani, mama wa Makorora mwenye baridi yabisi ya siku nyingi na kijana wa Pongwe ambaye mgongo humkakamaa mpaka saa nne asubuhi hawawezi kuwa na tano moja. Hizo tano ni zenu. Mmezijaza kliniki ikiisha, wenyewe wameshapanda bajaji.

Nawapenda na najua mnajituma. Nawaona mnavyobonyeza viungo 28 kwa uangalifu, mnavyogombana na maabara ESR, kile kipimo cha damu cha uvimbe, isipotoka. Kisha kile kipande kimoja ambacho mgonjwa anakijua kuliko sisi sote, mnakibuni. CDAI, hesabu ya ukali wa baridi yabisi, ina vipande vinne na kimoja ni cha mgonjwa. DAS28, hesabu nyingine ya aina hiyo, nayo inacho chake. RAPID3, lile dodoso fupi, ni ya mgonjwa yote: kazi za mwili, maumivu, hali kwa ujumla. Ukibuni hapo, hesabu inayobaki ni mapambo, na dozi ya dawa inapangwa juu ya mapambo hayo. Hakuna kipimo cha damu kitakachowaambia kama mtu alilala usiku.

Basi haya ndiyo ninayowaambia kila siku mkiwa mlangoni mnakimbilia wodini. Leo yasomeni mmekaa.

1. Dodoso lijazwe kwenye benchi, kabla mgonjwa hajaonana na daktari. Akishasikia majibu ya damu, anajibu majibu ya damu.

2. "Alhamdulillahi" si sifuri. Watu wa pwani hii wamelelewa kumjibu kwa shukrani yeyote anayewajulia hali. Bibi anaweza kuwa hajajifunga kanga mwenyewe wiki nzima na bado akakujibu, "Tunamshukuru Mungu, baba, sisi wazima." Ukiandika "anaendelea vizuri" hapo, umeandika adabu yake. Acheni salamu ziishe zote, msizikatize, na kama hukuamkia mtu mzima, rudi uamkie. Kisha sogeza kiti, weka karatasi mbele yake, useme wazi: "Sasa nauliza maumivu peke yake, tangu Ijumaa iliyopita mpaka leo. Kuyataja si kukufuru, dawa yako inapangwa kwa hayo." Wazee wengi hapo ndipo huanza kusema.

Mmoja wenu alimuuliza mzee wa Tongoni "maumivu mangapi?" kama anayeuliza bei ya samaki changu. Mzee akamtazama, akamwambia, "Mengi, mwanangu. Wewe unataka mangapi?" Tulicheka wote, mzee naye akacheka, lakini alikuwa amejibu sawasawa na alivyoulizwa.

3. Hakikisheni mgonjwa anajua kumi iko upande gani. Hapa nitakaa kidogo.

Nilikuwa daktari mpya, katika hospitali nyingine. Mgonjwa wangu alikuwa mama wa makamo, msusi wa mikeka, akitokea njia ya Pangani, na kila mara alikuja na binti yake. Baridi yabisi yake ilikuwa imeshathibitishwa. Alikuwa kwenye methotreksati dozi ndogo, dawa yenyewe ya kuzuia ugonjwa huu, asidi ya foliki ya kupunguza madhara yake, na prednisoloni kidogo ya kushusha uvimbe. Benchi lilikuwa limejaa mpaka nje, kwa hiyo viungo sikuhesabu. Nilijiambia RAPID3 inatosha, maana imetengenezwa kwa ajili ya kliniki zenye haraka. Nikamuuliza, "Mama, kuanzia sifuri mpaka kumi, uko wapi?" Akasema, "Mbili." Nikaandika maumivu 2. Na hali kwa ujumla? "Mbili hiyohiyo." Maswali ya kazi za mwili akayajibu binti: kuvaa anavaa, kutembea anatembea, kikombe anashika. Jumla haikufika 6 kati ya 30, yaani ugonjwa uko chini. Nikaandika aendelee na dawa zilezile, arudi baada ya miezi mitatu. Nikampongeza. Akainamisha kichwa, akasema ahsante.

Aliporudi nikamuuliza vilevile, naye akanijibu, "Moja." Nikafurahi. Kwa furaha ile nikaanza kumpunguzia prednisoloni, na faili lake nikamwonyesha mwenzangu wa chumba cha pili: tazama dawa inavyofanya kazi mgonjwa akizingatia.

Mara ya tatu alipimwa presha na muuguzi wetu mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa kazini miaka mingi kabla yangu. Alipomfunga mkanda wa mashine mkononi, akaona mgonjwa anajing'ata mdomo. Akamleta kwangu mwenyewe, akamuuliza mbele yangu: "Dada, ukimwambia daktari moja, ni moja ya nini?" Yule mama akashangaa kuulizwa. "Ya uzima. Si kumi ndiyo mzima kabisa? Mtoto akileta kumi juu ya kumi kutoka shule si ndiyo kafaulu?"

Miezi sita nzima alikuwa ananiambia kwamba uzima wake umebaki mbili kati ya kumi, kisha moja, na mimi nikawa nampunguzia dawa.

Nikapandisha mikono ya baibui lake. Vifundo vya mikono yote miwili vilikuwa vimevimba, vina joto, na safu ya viungo vya mwanzo vya vidole ilikuwa imejaa, mabonde kati yake hayaonekani. Jambo hilo ningeliona siku ya kwanza kama ningeshika mikono ile hata mara moja. Binti naye hakusema uongo. Mama anavaa, kwa sababu yeye anamvika. Kikombe anashika, kwa mikono miwili, kikiwa nusu. HAQ kamili, lile dodoso refu la kazi za mwili, ina sehemu inayouliza kama mtu anasaidiwa na mwenzake au anatumia kifaa, na akisaidiwa, alama ya kundi lile hupandishwa mpaka 2 hata kama amejibu kwamba hana shida. Maswali mafupi niliyoyatumia mimi hayana sehemu hiyo. Ilikuwa kazi yangu kuuliza kwa mdomo, nami sikuuliza.

Tulipandisha methotreksati, uvimbe ukashuka baada ya muda. Lakini picha ya eksirei ilikuwa imeshaonyesha mfupa ulioliwa, na mfupa ulioliwa haurudi. Kusuka ukili kunataka kidole gumba chenye nguvu na kifundo kinachogeuka. Alikuwa navyo vyote viwili alipofika kwangu mara ya kwanza. Nilimweleza kwamba kosa lilikuwa langu, si la binti wala la dawa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ungeniuliza habari za mkeka, mwanangu, ningekwambia."

Tangu siku ile sichukui namba ya mtu kabla ya kumuuliza mambo mawili: "Siku usiyo na maumivu hata kidogo, utanitajia namba gani? Na maumivu yakiwa makali kuliko yote, namba gani?" Akizigeuza, tunaanza upya bila kumwaibisha. Namba ikipingana na mnachokiona kwa macho, ulizeni tena. Msiisahihishe wenyewe kimyakimya, maana hapo mtakuwa mmerudi kwenye zile tano.

4. Mkeka unatuleta kwenye HAQ. Ilitoka Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1980, kazi ya James Fries na wenzake: maswali 20, makundi 8, alama 0 mpaka 3, na 3 ni asiyeweza kabisa. Ni chombo kizuri, nakitetea mbele ya yeyote. Lakini kiliandikwa kwa watu wanaooga ndani ya bafu la kujilaza, wanaofungua boksi jipya la maziwa, wanaoingia na kutoka kwenye gari lao. Mgonjwa wa Duga anaoga kwa ndoo na kopo. Akikwambia "hiyo mimi sifanyi," usikimbilie kuandika 3. Asiyefanya si sawa na asiyeweza. Muulize kama angekuwa nacho hicho kitu, angeweza?

Na msianze kutunga maswali yenu, kila mmoja la kwake. Nimeona mmoja ameweka "kupanda daladala", mwingine "kutwanga". Nia ni njema, ila alama ya leo haitalinganishwa na ya miezi mitatu ijayo. Dodoso hutafsiriwa kwa utaratibu: mmoja anatafsiri, mwingine asiyeuona waraka wa kwanza anairudisha tafsiri hiyo kwenye lugha ya waraka huo, tofauti zinajadiliwa, kisha wagonjwa wenyewe wanasomewa na kuulizwa wameelewa nini. Mpaka hapo, someni toleo lililopo kliniki neno kwa neno.

Chini ya alama, pembeni, andikeni kazi moja ambayo mgonjwa ameichagua yeye. Kukuna nazi. Kukamua shuka. Kusonga ugali wa watu wengi. Kusujudu na kuinuka bila kushika ukuta. Kuna mzee wa Mabawa ambaye alama zake zilikuwa nzuri kliniki nzima, na kila nilipomuuliza shida yake akasema baiskeli. Nikadhani magoti. Kumbe ni breki: vidole havifungi vikaikaza, kwa hiyo alikuwa anaikokota baiskeli kwa miguu kutoka kwake mpaka Ngamiani na kurudi, katika mji ambao kila mtu anaendesha. Tulipobonyeza tena viungo vya vidole kwa utulivu, tukapata vitatu tulivyovipita. Siku hizi akiingia tu namuuliza breki kwanza, naye hunikunjia ngumi kabla hajakaa.

5. Wavueni viatu. Viungo 28 ni mabega, viwiko, vifundo vya mikono, vidole vya mikono na magoti, basi. Nyayo na vifundo vya miguu havimo. Mgonjwa anaweza kuwa na mikono iliyotulia kabisa na akawapa 8 ya hali kwa ujumla kwa sababu anakanyaga chini kwa maumivu. Mkimwona "anazidisha", tazameni miguu kwanza.

Na miguu ikiwa mizima? Bado msibishane naye. Wewe umeandika 2, yeye 8, na wote wawili mnaweza kuwa sahihi: wewe unapima uvimbe wa leo, yeye anaishi na kiungo kilichoharibika zamani, au halali, au ana huzuni ya msiba, au ana maumivu ya mwili mzima yasiyotokana na uvimbe. Nane ya namna hiyo haitibiwi kwa kuongeza methotreksati. Wakubwa wa fani walikutana na jambo hilohilo. Vigezo vya ACR na EULAR, vyama vya wataalamu wa viungo vya Marekani na Ulaya, vya mwaka 2011 vya kusema ugonjwa umetulia kabisa vilitaka tathmini ya mgonjwa isizidi 1. Mwaka 2022 wakairuhusu ifike 2, kwa sababu wagonjwa wengi wenye viungo vilivyotulia walikuwa wakikwamishwa na kipengele hicho peke yake. Kwa hiyo ukiona pengo, andika yote mawili, halafu uliza pengo linatoka wapi.

6. Uchovu ulizeni kila mara, hata kama fomu mliyo nayo haina. OMERACT, wale wanaokutana kupanga nini kipimwe katika magonjwa haya, walianza 1992. Wagonjwa waliingia vikaoni 2002, na uchovu ni moja ya mambo waliyoyaweka mezani. Miaka kumi wataalamu walikuwa wanazungumza bila wao. Mwezi wa Ramadhani andikeni pia kama amefunga, na dawa anazimeza saa ngapi.

7. Ndugu aliyemsindikiza apewe kiti na heshima yake, na aulizwe baada ya mgonjwa, si kabla. Asiyesoma asomewe na mtu yuleyule kila ziara kadiri inavyowezekana. Ulizeni kama amemeza diklofenaki, ile dawa ya maumivu, ya duka la dawa alfajiri ili aje anatembea vizuri mbele yenu, maana wapo wanaofanya hivyo kwa kutuheshimu. Na methotreksati ni mara moja kwa wiki: chagueni naye siku, iandikeni kwa jina kwenye kadi, mwambieni airudie kwa mdomo wake, kwa sababu akiimeza kila siku inaweza kumuua.

8. Alama ya leo isiyo na ya jana haisemi kitu. Fungueni ukurasa uliopita. Kwa HAQ, badiliko la 0.22 ndilo linalochukuliwa kuwa dogo kabisa ambalo mgonjwa mwenyewe analihisi, kwa hiyo msishangilie 0.1 wala msiogope nayo. Chora mstari kwenye karatasi ya mbele ya faili, nukta moja kila ziara, na umwonyeshe mgonjwa. Akiona nukta zake zinafuatana na maisha yake, ziara ijayo anakuja ameshafikiria jibu tangu nyumbani.

9. Siku benchi limejaa na mko wawili tu, acheni dodoso refu. Shikeni mikono yake yote miwili kwanza. Mwulizeni kumi iko upande gani, kisha maumivu, hali kwa ujumla, na ile kazi moja yake. Andikeni tarehe na aliyejibu: mwenyewe, au binti. Msichopata kuuliza, kiacheni wazi. Mahali patupu nitapaelewa nikifungua faili, na nitauliza mimi.