Pauni Elfu Kumi kwa Mwaka

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma nachambua mchele, nikacheka mpaka shangazi yako akaja kuuliza kulikoni. Unasema: "Mama, huyo Jane Austen hakuolewa, hakuzaa, na riwaya zake zote sita zinaishia harusini. Ndoa aliijulia wapi? Na wewe huwa unacheka nini peke yako?" Kwa simu ningekujibu juu juu, kwa hiyo nimekaa nikuandikie.

Ndoa aliijua kwa sababu alijua bei yake. Katika vitabu vyake mtu hajakaa vizuri kitini, tayari tumeambiwa ana pauni ngapi kwa mwaka. Darcy, yule tajiri wa Pride and Prejudice, anaingia kwenye dansi, na sentensi moja inatutajia urefu wake, uzuri wa sura yake na pauni zake elfu kumi, kana kwamba vyote ni viungo vya mwili mmoja. Hapo ndipo ninapocheka. Kumbuka pia kwamba kule kwao Uingereza mambo yalikuwa kinyume na kwetu: huku mwanamume ndiye anayetoa mahari, kule binti ndiye aliyetazamiwa aje na fedha. Asiye nazo alisubiri ahurumiwe.

Sasa tazama mwanzo wa kitabu hicho. Anasema ni ukweli unaokubaliwa na watu wote kwamba kapera mwenye mali lazima awe anahitaji mke. Nilipokuwa nafundisha, wanafunzi waliuandika daftarini kama msemo wa hekima! Kapera mwenye mali hahitaji chochote, mwanangu. Mwenye shida ni mama wa jirani aliye na mabinti watano, na nyumba wanayoishi, baba akifa, kisheria inakwenda kwa binamu wa kiume. Sauti ni ya hakimu, maneno ni ya huyo mama.

Binamu mwenyewe, mchungaji Collins, anakuja kumposa Elizabeth, mmoja wa mabinti hao watano, anakataliwa. Mama anamkimbilia baba amlazimishe binti. Baba anamwita Elizabeth na kumwambia kwamba kuanzia leo atampoteza mzazi mmoja: mama hatamwona tena asipoolewa na Collins, na yeye baba hatamwona tena akiolewa naye. Baba yako, Mungu amrehemu, aliipenda sana sehemu hiyo, japo hakuwahi kumaliza kitabu.

Lakini kuna Charlotte, rafiki wa Elizabeth, ana miaka 27, hana mali, na uzuri wake ni wa kawaida. Yeye anamkubali Collins bila kusita. Nikiwa msichana nilimdharau. Siku hizi naona jinsi anavyomhimiza mumewe akashughulike na bustani ili ashinde nje, na jinsi alivyojichagulia chumba cha nyuma cha kukaa ambacho hakimvutii Collins, nasema huyu mwanamke ana akili zake.

Jane mwenyewe alifikishwa pale pale. Alizaliwa tarehe 16 Desemba 1775 kijijini Steventon, Hampshire, mtoto wa saba kati ya wanane. Baba alikuwa mchungaji aliyeongeza kipato kwa kufundisha wavulana nyumbani, hivyo vitabu vilikuwepo. Fedha ndiyo ilikuwa haba. Desemba 1802 alikuwa mgeni nyumbani kwa marafiki zake huko Manydown. Ndugu yao, Harris Bigg-Wither, kijana wa miaka 21 na mrithi wa mali yote ile, akamposa. Jane alibakiza wiki mbili kutimiza 27. Jioni akakubali. Asubuhi akasema hapana, akaondoka na dada yake Cassandra.

Nimelifikiria sana giza la usiku ule. Angeolewa, mama yake na dada yake wangepata pa kukaa maisha yao yote. Mwaka 1805 baba alifariki, na wanawake hao watatu wakaishi kwa michango ya kaka zake mpaka mwaka 1809, ambapo kaka yao Edward, aliyerithishwa mali na jamaa matajiri, aliwapa nyumba kijijini Chawton. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema aliandika mambo ya chai na dansi, mwulize: yeye amewahi kukataa nyumba?

Huko Chawton ndiko vitabu vilikotokea. Cha kwanza kilitoka mwaka 1811, na jalada halikumtaja jina; lilisema tu kimeandikwa na "bibi mmoja". Pride and Prejudice alitaka auze kwa pauni 150, mchapishaji akampa 110, akachukua. Kilipochapwa tena na tena, hakupata hata senti zaidi. Mwanamke aliyewahesabia wahusika wake wote mapato yao alipunjwa kwenye biashara yake mwenyewe, na nadhani aliliona hilo kabla yangu.

Ucheshi wake alikuwa nao tangu utotoni. Akiwa na miaka 15 aliandika historia ya Uingereza, akajitambulisha kama mwanahistoria mwenye upendeleo, chuki na ujinga, na akaonya kwamba tarehe zitakuwa chache sana. Kwa Cassandra aliandika kwamba hataki watu wawe wa kupendeza mno, maana wasipokuwa hivyo wanampunguzia kazi ya kuwapenda. Na mkutubi wa Mwanamfalme Mtawala, yule aliyetawala badala ya baba yake mfalme, alipomshauri aandike hadithi tukufu ya ukoo wa kifalme, alijibu kwa adabu kwamba, kama angekatazwa kujicheka na kuwacheka wengine, angenyongwa kabla sura ya kwanza haijaisha.

Si kwamba kila mzaha wake naupenda. Mwaka 1798 alimwandikia dada yake kuhusu mwanamke aliyejifungua mtoto mfu kwa sababu ya kushtuka, akaongeza kwamba labda alimtazama mumewe kwa bahati mbaya. Hapo nilikifunga kitabu. Wewe unajua nilizaa mara ngapi na ninao wangapi. Nilikaa wiki nzima bila kumgusa, kisha nikarudi, kama mtu anavyomrudia shoga yake mwenye mdomo mchafu.

Alifariki Winchester tarehe 18 Julai 1817, ana miaka 41. Jiwe alilowekewa katika kanisa kuu lilisifu wema na akili zake. Kuhusu riwaya halikutaja neno. Cassandra baadaye alichoma barua nyingi za mdogo wake. Wengine wanamlaumu. Mimi nikikumbuka ule mzaha wa mwaka 1798, najiuliza hizo zilizochomwa zilisema nini.

Umeniuliza uanzie wapi. Usianze na Pride and Prejudice, nimeshakuharibia nusu yake. Soma Persuasion, kile cha Anne aliyeshawishiwa amwache mchumba asiye na kitu, na miaka minane baadaye mchumba anarudi ana fedha na hasira. Nakala yangu nampa binamu yako akija huko Ijumaa. Kurasa za mwisho zimelegea, zishike kwa mkono wote, na usimwazime mtu.

Mama yako