Omega unayoitafuta iko kwenye fungu la vibua

SWALI: Daktari, nina miaka 47, naishi Tanga. Nilipimwa nikaambiwa kolesteroli mbaya iko juu, nikaandikiwa dawa ya kumeza kila usiku. Jirani yangu anauza virutubisho. Anasema samaki wa hapa kwetu hawana omega, yale mafuta yanayosifiwa kwa moyo, omega iko kwa salmoni wa Ulaya, hivyo ninunue vidonge vyake vya omega 3-6-9, shilingi 95,000 chupa moja, na baada ya miezi mitatu niache dawa. Je, ni kweli? Na kama ni samaki, ninunue yupi?

JIBU: Mimi si daktari, ni mtaalamu wa lishe, kwa hiyo siwezi kukuachisha dawa. Jirani yako naye hawezi. Kama umeshaiacha, rudi kwa aliyekuandikia wiki hii hii, halafu ndiyo tuzungumze samaki.

Swali hili huletwa kwangu kila mwezi, kinachobadilika ni bei ya chupa tu. Hebu igeuze hiyo chupa. Mbele wameandika miligramu 1,000 kwa herufi za kusomeka toka barabarani. Nyuma, kwa herufi za kutafutia miwani, tafuta EPA na DHA, aina mbili za omega-3 za samaki, maana hizo mbili ndizo zinazofanya kazi. Kidonge cha kawaida cha mafuta ya samaki cha miligramu 1,000 huwa na 180 za kwanza na 120 za pili. Jumla 300. Hicho cha 3-6-9 mara nyingi hakifiki hata hapo, kwa sababu nafasi imegawiwa omega-6, ambayo unaipata kila ukikaangia mafuta ya alizeti, na omega-9, ambayo mwili unajitengenezea wenyewe. Mtu wa Tanga umeuziwa maji ya bahari!

Na hata vingekuwa safi, mafuta ya samaki hayashushi hiyo kolesteroli mbaya. Dozi kubwa, ya kuandikiwa na daktari, hushusha traigliseraidi, aina nyingine ya mafuta kwenye damu, na hicho ni kipimo kingine. Marekani waliwafuatilia watu zaidi ya 25,000 kwa miaka kama mitano, wengine wakimeza gramu moja ya mafuta ya samaki kila siku. Majibu yalitoka 2018: ukijumlisha mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo, hapakuwa na tofauti ya maana na waliopewa vidonge visivyo na mafuta hayo.

Sasa hili la "samaki wetu hawana omega" ndilo linalonikera kuliko yote. Omega hizo zinaanzia kwenye vimea vidogo mno vinavyoelea majini. Wadudu wa majini wanavila, dagaa wanawala wadudu, wakubwa wanawala dagaa. Bahari ya Hindi inavyo hivyo vimea. Huyo salmoni wa kufugwa anazipata kwa kulishwa chakula kilichotiwa mafuta ya samaki wadogo, ndugu wa hao hao dagaa unaowapita sokoni ukidhani ni chakula cha shida.

Kwa hiyo nunua vibua au dagaa, angalau milo miwili kwa wiki. Changu na pono ni wazuri, ila mafuta yao ni kidogo. Wapike chukuchuku kwa ndimu na nyanya, au wachome. Ukimzamisha kibua kwenye karai la mafuta yaliyokwisha kuwa meusi, usinilaumu mimi. Tui zito nalo lipunguze, najua nazungumza na mtu wa Tanga. Mafuta ya nazi yanapandisha hiyo hiyo kolesteroli unayoitibu, hata kama kuna anayeyauza kama dawa ya kuiyeyusha.

Wadogo hawa wana sifa nyingine: wanakua upesi na kuzaa upesi, bahari inawahi kuwarudisha. Papa huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa, na akizaa ni watoto wachache, tena nyama yake hukusanya zebaki. Mwenye mimba asiile kabisa. Majarife, zile nyavu kubwa za papa, ya huko kwenu ndiyo yaliyokuwa yakinasa silikanti, samaki adimu wa kale, hadi ikatengwa hifadhi ya bahari mwaka 2009.

Ila hata kibua anaweza kuwa wa baruti. Uvuvi huo umepigwa marufuku tangu sheria ya 1970, lakini muuzaji hakuambii, kama jirani yako asivyokwambia kilichoandikwa nyuma ya chupa. Bei rahisi kuliko meza zote iwe ya kwanza kukushtua. Mwambie ampasue mbele yako. Ukiona damu imetapakaa ndani, matumbo yamepasuka na uti wa mgongo umekatika wakati ngozi ya nje ni nzima, mwachie samaki wake. Baruti iliyomuua imevunja na matumbawe, na hapo hata vibua wa mwakani hutawapata kwa bei hiyo.