Mwale wa leza: unatawanyika au unapanuka?

Swali: Mimi ni mwalimu wa fizikia, Mbagala. Niliandika ubaoni kwamba "mwale wa leza hutawanyika kadiri unavyokwenda mbali". Mwenzangu akafuta akaandika "hupanuka". Yupi yuko sahihi?

Jibu: Mwalimu, mwenzako amefuta panapostahili. Kutawanyika ni kwa vitu vingi, kila kimoja kikashika njia yake: shanga uzi ukikatika, kuku wakitupiwa jiwe, wanunuzi wa Kariakoo mvua ikishuka ghafla. Mwale wa leza haufanyi hivyo. Unabaki mmoja, ila unazidi upana. Basi unapanuka, au ukipenda, unatanuka.

Tena neno kutawanyika tunalihitaji kwa kazi nyingine. Washa kitochi cha leza katika chumba kisicho na vumbi, utaona nukta ukutani tu. Kung'uta kifutio cha ubao mbele yake, mstari mzima unajitokeza, kwani kila chembe ya chaki inarusha nuru huku na huku. Hapo ndipo nuru hutawanyika. Ukitumia neno moja kwa mambo yote mawili, mwanafunzi atadhani mwale unapanuka kwa sababu ya vumbi, na hilo si kweli: hata pasipo hewa ungepanuka.

Unapanuka kwa kuwa nuru ni wimbi. Tazama maji ya bahari yanapopita mwanya kati ya miamba. Hayatoki yakiwa ukanda mnyoofu, hukunjuka pande zote mbili, na mwanya ukiwa mwembamba hukunjuka zaidi. Nuru nayo ni hivyo hivyo. Chukua leza ya kijani iliyo safi kabisa, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 532. Ikitoka na upana wa milimita 1, baada ya mita 500 doa lake lina upana wa kama sentimita 34, sawa na sinia dogo. Ikitoka na milimita 2, doa ni nusu ya hapo! Ndiyo sababu wanaopima umbali wa Mwezi kwa kulenga vioo vilivyoachwa huko na wanaanga wa Apollo 11 mwaka 1969 huupitisha mwale kwenye darubini kubwa, uanze safari ukiwa mpana. Hata hivyo hufika huko na upana wa kilomita kadhaa, maana hewa yetu nayo huuvuruga.

Tendo hilo la nuru kukunjuka mimi huliita difraksheni. Jina lilitoka kwa Grimaldi, Mwitaliano ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1665, na asili yake ya Kilatini ni kuvunja vipande. Ukitafsiri asili hiyo utapata "mvunjiko wa nuru", na hakuna kilichovunjika. Kupinda nako tuache: neno hilo tayari ni la nuru inayoingia majini, ile inayofanya kijiko kwenye glasi kionekane kimekatika. Kwa kueleza, kukunjuka kunanitosha.

Na nimefurahi umeandika mwale, wingi miale. Wengi huandika mwali, lakini huo ni ulimi wa moto, wingi miali. Na kwa Wazaramo mwali ni binti anayewekwa ndani na kuchezwa ngoma, wingi wali.

Ubaoni andika hivi: "Mwale wa leza hupanuka kadiri unavyokwenda mbali; vumbi huitawanya nuru yake."