Usiwatafute Vijana Saa Tatu Asubuhi

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku Ujiji hatujambo. Umeniuliza iwapo inatosha, kwa utafiti wako wa chuo kuhusu mabadiliko ya jamii na ushirikishwaji wa vijana, kuwaita vijana wa Katonga na Kibirizi, kwa wavuvi wa huku kwetu Kigoma, kwenye mkutano wa mtaa na kuwajazisha dodoso. Haitoshi.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na taa, zamani karabai na siku hizi za betri, na taa haifui dafu mbele ya mbalamwezi. Kwa hiyo mtafiti anayefika mwaloni, pale ufukoni samaki wanaposhushwa, saa tatu asubuhi huwakuta wavuvi wamelala, akaandika kwamba vijana hawana kazi. Niliwahi kuisoma taarifa ya namna hiyo, ikaniumiza, maana waliolala siku ile ni watoto niliowafundisha mimi. Nenda siku za mbalamwezi, wasipokwenda kuvua, wanaposhona nyavu, na tajiri mwenye mtumbwi asiwepo.

Waulize kuhusu mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Uamuzi ule nauunga mkono. Hata hivyo, mwenye akiba aliweza kusubiri, ilhali kijana anayeishi kwa mgawo wa kila usiku hakuwa na cha kugawana, na binti anayeanika dagaa, ambaye hana mtumbwi wala leseni, ni mwepesi kusahaulika katika hesabu za wavuvi.

Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 inamhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35, kwa hiyo binti huyo na tajiri wa miaka 34 wako kundi moja. Usiwachanganye. Tangu Novemba 2021 serikali imewaruhusu waliokatiza masomo kwa ujauzito kurudi shuleni, lakini binti mmoja jirani yetu, wa miaka 17, hajarudi, kwa sababu mama yake naye hushinda mwaloni na mtoto hana wa kuachiwa. Kwa muda mrefu hakunipa zaidi ya shikamoo, hadi alfajiri moja nilipoinama kwenye kichanja cha kuanikia, nikageuza dagaa pamoja naye, mtoto akiwa mgongoni mwake, ndipo akaniuliza kama kidato cha pili kinaweza kuanzwa upya.

Mkutanoni kwako hatakuja. Nimeshazungumza na mama yake, naye ameridhia umfuate kichanjani, nami nimemwambia binti kwamba utamletea jibu.

Ni mimi mama yako.