Mkataba wa hifadhi haufi shamba likiuzwa

Je, mkataba wa hifadhi, yaani makubaliano ya mwenye shamba kuachia taasisi baadhi ya haki zake ili ardhi ilindwe, unakufa shamba likiuzwa? Hapana, mwenye shamba akiuza, mkataba unaifuata ardhi na kumbana mnunuzi, kisha warithi wake. Marekani husajiliwa kwenye kumbukumbu za ardhi, na kifungu cha 170(h) cha sheria ya kodi kinataka uwe wa milele ndipo aliyeutoa apate nafuu ya kodi. Shamba linabaki lake: anaishi, analima, anauza, anarithisha. Alichoachia ni haki zilizotajwa tu, mfano kukata viwanja au kuongeza majengo.

Na msiudhanie karatasi ya kabatini. Taasisi inayoushikilia hutuma mtu, kwa kawaida kila mwaka, atembee mpaka mzima na picha zilizopigwa mkataba ulipoanza mkononi, asimame palepale zilipopigwa, alinganishe mto, miti na uzio. Hapo ndipo ardhi inapolindwa kweli.

Ila shamba likiwa na mkopo, benki ikubali kwanza kwa maandishi kwamba mkataba unatangulia rehani yake. La sivyo, likipigwa mnada, mkataba unaweza kufutika nalo.